Mama aliyelia siku mbili kwa kesi aliyoshinda

Nina steshenari ndogo hapa Moshi mjini. Natoa kopi, napiga chapa barua, naskani vyeti. Miaka ya karibuni nimepata wateja wa aina nyingine: watu wanaokuja na namba ya kesi kwenye kipande cha karatasi, niwatafutie hukumu kwenye TanzLII, tovuti ya Mahakama. Ni bure, na nawashukuru waliobuni jambo hilo. Leo hukumu ya Mahakama ya Rufani, ambayo juu yake hakuna mahakama nyingine nchini, inafunguka kwenye simu ya mtu yeyote mwenye bando.

Kuisoma ndiyo kazi.

Alikuja mama mmoja kutoka Uru, mtu mzima, kitenge begani. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," akasema, "nimeshindwa kesi ya kihamba, shamba letu la ukoo. Nisomee, nijue natakiwa kutoka lini." Mjukuu wake wa kidato cha pili alikuwa ameifungua hukumu, akakimbilia ukurasa wa mwisho, akaona rufaa imetupwa na gharama zilipwe. Akamwambia bibi yake: umetupwa. Nikasoma kuanzia mwanzo. Aliyekata rufaa alikuwa shemeji yake. Kilichotupwa ni rufaa ya shemeji. Mama alikuwa ameshinda, na gharama alilipwa yeye. Alikuwa amelia siku mbili na ameshaanza kuulizia vyumba vya kupanga.

Simlaumu mtoto, na jaji aliyeandika simlaumu pia, kwa kuwa hukumu yenyewe imepangwa vizuri. Ninachosema ni kwamba haki ya yule mama ilifika ikiwa imefungwa kwa Kiingereza, na wa kuifungua alikuwa mtoto wa shule.

Tena si kwamba sheria haipo. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho ya kuifanya lugha ya mahakama kuwa Kiswahili, huku Kiingereza kikiachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Tarehe 1 Februari mwaka huohuo, Siku ya Sheria kule Dodoma, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili alipokuwa Musoma. Siku ile niliamini mambo yamegeuka. Lakini hukumu za Mahakama ya Rufani ninazochapa hapa dukani bado ni za Kiingereza, moja baada ya nyingine. Ile nafasi ndogo imekuwa mlango mkuu.

Wanasheria wananijibu kwamba msamiati hautoshi, kwamba hukumu za zamani tunazozitegemea ni za Kiingereza, kwamba wamesomea Kiingereza. Hoja ya mwisho naielewa. Ya kwanza siikubali hata kidogo. Kesi ya kihamba ikianzia baraza la kata, inazungumzwa kwa Kiswahili, na Kichaga kikichomekwa pale Kiswahili kinapopungukiwa. Shahidi anasema, "Baba mkwe alinipa nilime." Anayejua lugha anasikia papo hapo kwamba hakupewa ardhi, alipewa ruhusa. Angesema "alinipa, tukapanda masale," kesi imebadilika, maana masale kwetu ni mpaka na ni ushahidi. Kwa miaka mingi maneno kama hayo yamefika mbele ya jaji wa Mahakama Kuu, yakaandikwa kwa Kiingereza kwa mkono, yakapigwa chapa. Na Mahakama ya Rufani kwa kawaida haimwiti shahidi upya; majaji wake, mara nyingi watatu, wanasoma kumbukumbu. Wanasoma tafsiri ya kauli ya mtu. Mahakama hiyohiyo imeshasema mara nyingi kwamba mwalikwa, yaani mtu aliyekaribishwa tu kwenye ardhi ya mwingine, hageuki kuwa mwenye ardhi hata akikaa miaka mingapi. Msingi mzuri kabisa. Ila kujua kama mtu alikuwa mwalikwa au mmiliki kunaweza kutegemea kitenzi kimoja tu cha Kiswahili.

Nafikiria pia tulichokosa kukijua. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wa Mahakama ya Rufani waliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa siku ile Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu la nyumba. Miaka zaidi ya arobaini! Bado nakutana na wanawake wanaoondoka mikono mitupu wakiamini kwamba asiye na mshahara hana chake. Tarehe 23 Oktoba 2019 mahakama hiyo ikathibitisha, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, vinakiuka Katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukaisha, vifungu vikabaki vilivyo. Nina hakika kwamba kama uamuzi ule ungesomwa kwa Kiswahili misikitini, makanisani na kwenye mikutano ya vijiji, ukimya ule usingewezekana.

Sidai hukumu zote zigeuzwe kesho. Naomba kurasa mbili. Kila hukumu ya ardhi, mirathi au ndoa itoke na muhtasari wa Kiswahili juu yake: nani alikata rufaa, aliomba nini, nani ameshinda na kwa nini, nani anatakiwa kufanya nini na lini. Uandikwe na Mahakama yenyewe, usiachiwe mwenye steshenari.

Maana yule mama, baada ya kunisikiliza mara mbili, aliniomba nimwandikie. Nikageuza ukurasa wa mwisho, nikaandika nyuma yake mistari minne ya Kiswahili. Akaisoma mwenyewe kwa sauti, polepole, kidole kikifuata maneno. Kisha akaniuliza kama naweza kuigonga muhuri, ili shemeji akija aione. Nikamwambia muhuri nilio nao ni wa duka.