Mboga za Lushoto, kipato cha Makorora

Kila bei ya nyanya inapopanda jijini Tanga, hurudi hoja ileile: jiji lifungue soko la wakulima, mkulima wa Lushoto au Korogwe alete mazao yake mwenyewe, dalali aondolewe njiani, na familia za kipato cha chini zipate mboga kwa bei nafuu. Wanaoitoa wana nia njema, na sehemu kubwa ya wanayoyasema ni kweli. Hata hivyo, ninaamini kwamba soko la namna hiyo litamnufaisha zaidi mwenye kipato cha kati kuliko familia ya kipato cha chini ya Makorora au Mabawa, kata za jiji hilo, inayotajwa katika hoja yenyewe, na kwamba fedha za umma zingefanya kazi bora kama zingeelekezwa kwenye magenge ya mitaani, yaani meza na vibanda vidogo vya kuuzia mboga.

Nguvu ya hoja hiyo inaonekana njiani. Kabichi, karoti, viazi na hoho za milima ya Usambara huteremshwa hadi Mombo, zikashika barabara kuu hadi Segera, ambako njia inagawanyika: moja inaelekea Chalinze na Dar es Salaam, nyingine Muheza na Tanga. Mzigo mkubwa hufuata soko kubwa, hivyo bei inayosikilizwa shambani ni ya Dar es Salaam, na mchuuzi wa soko la Mgandini hulazimika kushindana nayo ingawa yeye ndiye aliye ndani ya mkoa. Mkulima ambaye nyanya zake zimekwisha kuiva na hajui bei ya siku hiyo hana ubavu wa kubishana na dalali aliyesimama na gari. Hapo ndipo inapoingia lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo. Kisheria gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini ufungashaji huo haujakoma, na anayepunjwa ni mkulima peke yake. Nafuu ya ujazo ule wa ziada haimfikii mlaji, kwa sababu mzigo ukishafika mjini hupimwa upya kwa sado, yaani ndoo ndogo ya kupimia, na mafungu.

Ni haki pia kukumbuka kwamba kikwazo kimoja kilishapunguzwa. Mwaka 2017 Serikali ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na ikafuta ushuru kwa mzigo usiozidi tani 1 unaovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwa mkulima mdogo mlango uko wazi, na bado wengi hawashuki kuja kuuza wenyewe. Sababu si uzembe. Matenga machache hayawezi kubeba nauli ya kutoka milimani hadi pwani, siku nzima ya kazi ya shamba inapotea, na kitakachobaki jioni lazima kiuzwe kwa hasara au kitupwe. Dalali na mchuuzi ndio wanaoibeba hasara hiyo kwa sasa, kwa hiyo sehemu ya tofauti ya bei inayotukera ni malipo ya kazi halali. Sehemu nyingine ni ulanguzi mtupu, na hiyo sitaitetea.

Tumtazame sasa mnunuzi. Familia inayoishi kwa kibarua, kwa kupara samaki au kwa kuendesha bajaji ya mtu hununua mboga kwa fedha iliyopatikana siku hiyohiyo, mara nyingi baada ya alasiri, na haina jokofu. Kwenye meza ya mbao ya genge, nyanya zimepangwa tatu chini na moja juu, kabichi imekatwa robo, karoti na hoho zimefungwa pamoja kwenye kijifuko, na mafungu ya mchicha na tembele yananyunyiziwa maji yasinyauke. Mama wa genge anamfahamu mteja wake na anaandika deni kwenye daftari. Soko la wakulima linalofanyika Jumamosi asubuhi, linalouza kwa sado na kudai fedha taslimu, haliwezi kumpa huduma hiyo. Ukikokotoa kwa kilo, fungu ni ghali kuliko tenga, lakini ndilo pekee linaloendana na mfuko wake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, maana yake watu wazima watano wanahitaji kilo mbili kila siku. Kwa bei ya mafungu, kiasi hicho ni mzigo mzito sana.

Wapo wanaosema njia rahisi ni kumwongezea mlaji fedha, kama TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, inavyofanya kwa kaya maskini. Nakubali kwamba ruzuku hiyo imeziokoa kaya nyingi. Lakini malipo yanayokuja kwa mkupuo baada ya miezi huishia kwenye unga, ada na madeni, wakati mboga inahitaji fedha kidogo kila siku.

Ninachopendekeza ni kwamba wenye magenge wa kata moja waunganishwe wanunue kwa pamoja, walete mzigo mmoja kwa kreti za plastiki badala ya matenga yanayoponda nyanya za chini, na jiji liwape kivuli na maji safi karibu na nyumba za watu. Pingamizi zito ni kwamba nafuu itabaki kwa muuzaji na fungu halitaongezeka. Hofu hiyo ina msingi pale genge linapokuwa moja tu mtaani. Yakiwa manne au matano jirani, kama ilivyo Ngamiani, anayekaza bei huachwa na mboga zinazonyauka. Fedha ya kuanzia ipo kisheria: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, mikopo isiyo na riba iliyositishwa mwaka 2023 na kisha kurejeshwa kwa utaratibu mpya. Sharti langu ni moja, kwamba marejesho yasiwe sawa mwaka mzima. Wakati wa masika, barabara za milimani zinapoteleza na nyanya kuadimika, mama wa genge anayedaiwa rejesho lilelile la miezi ya neema hana pa kulitoa isipokuwa kwa kupunguza nyanya kwenye fungu.