Nesi Anawe na Nini, Mate?

Juzi nilikwenda kumtazama mama mkubwa aliyelazwa, hospitali sitaitaja, na saa ya wageni ikageuka mahakama. Bwana mmoja, kanzu imenyooka pasi, alimfokea nesi mbele ya wodi nzima: "We dada, watoka kwa yule mgonjwa, waja kumshika mamangu hata hujanawa?" Wageni wakaitikia. Nesi kimya. Mimi nikatazama sinki. Juu yake bango la rangi, lile la nyakati tano za kusafisha mikono za Shirika la Afya Duniani. Chini yake mfereji ambao ukiufungua unakoroma tu. Ndoo iliyokuwa kando haikuwa na maji ya kuoshea hata sufuria.

Mombasa hii twajuana. Maji ya chemchemi ya Mzima yatoka huko Tsavo, ya Baricho yatoka mto Sabaki, na kufika kwake kisiwani ni majaaliwa. Kila nyumba ina madumu yake na nambari ya simu ya mtu wa mkokoteni. Tukishavuka lango la hospitali twasahau yote hayo, twataka nesi awe na maji ambayo sisi wenyewe hatuna.

Na tuseme yapo. Kunawa kwa sabuni inavyotakiwa ni sekunde 40 hadi 60. Mpe nesi wagonjwa 30, anawe kabla na baada ya kumgusa kila mmoja. Mzunguko mmoja tu, dakika 40 hadi saa nzima amesimama kwenye sinki, na hapo hujahesabu dripu, vidonda, wala mwendo wa kutoka kitanda cha mwisho. Wewe nawe huko wapiga kelele: "Sista! Sista!"

Dawa yake yajulikana. Sanitaiza ni sekunde 20 hadi 30, tena papo hapo alipo mgonjwa. Shirika hilohilo la bango limetoa hata namna ya kuitengeneza: ethanoli ifike asilimia 80, gliserini kidogo, haidrojeni peroksaidi kidogo, maji safi. Famasia ya hospitali yaweza kuchanganya yenyewe. Basi iwekwe chupa kila kitanda. Nimesema kitanda, si wodi, na si ile moja inayofungiwa kabatini kwa matroni isiibiwe. Mwaka 2020 makanga wa matatu walitumiminia sanitaiza mlangoni bila kwenda semina yoyote! Manesi wetu wao hupewa semina. Ikifika tarehe 5 Mei, siku ya usafi wa mikono, wapigwe picha na fulana mpya, wale mahamri, warudi kwenye mfereji uleule.

Hakuna anayejenga msikiti mji huu akawaambia waumini maji ya udhu kila mtu aje nayo. Kisima huchimbwa, tangi huwekwa, ndipo imamu akahimiza safu.

Haya, nakubali, shingo upande: wapo manesi wanaovaa glavu asubuhi na kuzunguka nazo vitanda kumi. Glavu hiyo yamlinda yeye, wewe yakuletea vijidudu vya jirani. Huyo afokewe. Na mikono ikionekana chafu sanitaiza haitoshi, kwa hivyo maji bado twayadai.

Lakini mbona daktari hafokewi? Huko Vienna mwaka 1847, daktari mmoja, Semmelweis, alikuta wodi ya wazazi iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao ikiua kina mama kuliko ile ya wakunga, kwa sababu madaktari walitoka kupasua maiti wakaja kuzalisha kwa mikono ileile. Hata leo tafiti nyingi zaonyesha madaktari wananawa kwa nadra kuliko manesi. Koti jeupe lina heshima zake.

Kaunti ikiita kikao cha wananchi kuhusu bajeti, nendeni. Msiulize manesi wamefunzwa mara ngapi. Ulizeni sanitaiza imetengewa shilingi ngapi kwa kila kitanda, na mwaka jana zilikwenda wapi.