Kiti cha Umeme, Baba Mkwe na Kidole Changu

Najua mshenga ameshawafikia. Tangu juzi simu yangu haipumziki, kuanzia Igoma mpaka Ilemela, Mwanza nzima wanauliza kama ni kweli nilikwama kwenye kiti cha sinema, nikalia mpaka zimamoto wakaitwa. Kukwama nilikwama, ila zimamoto hawakuitwa. Na sikulia; ile sauti iliyosikika ilikuwa ya kiti. Mshenga kazi yake ni kutunza siri za pande mbili, lakini huyu wangu alishanitangaza soko zima la samaki la Mwaloni alfajiri, kabla sato hawajashushwa mtumbwini. Basi nisikilizeni mwenyewe.

Mzee mnamjua, baba wa mchumba wangu, yule wa Sengerema, wa mahari ya ng'ombe kumi na nane na hapunguzi. Alivuka kwa kivuko cha Kamanga akiwa na shughuli zake mjini, mshenga akaniambia, "Mtoe mzee, mpeleke mahali pa heshima." Watu wenye akili timamu wangempeleka kula sato wa kuchoma pale ufukweni. Mimi nikaona heshima ni safu ya VIP ya sinema, ile yenye viti vya ngozi vinavyolala kwa kubonyeza kitufe. Ukumbi siutaji, bado nataka waniruhusu kuingia.

Viti nilichagua mwenyewe. Mnaokimbilia mbele mnavunja shingo bure, na mnaojibana kwenye ukuta wa nyuma mnapokea besi iliyorundikana, inanguruma mpaka maneno hayasikiki. Kaa kama theluthi mbili kutoka kwenye skrini, katikati ya safu. Mafundi wanaochanganya sauti ya filamu hukaa karibu na hapo hapo wanapofanya kazi, kwa hiyo spika za ubavuni na za nyuma zinakufikia kwa kipimo walichokikusudia. Bahati nzuri VIP yao inaanzia hapo.

Mzee hakuketi kwanza. Alishuka ngazi hadi mbele, kofia mkononi, akaikagua skrini kwa karibu, akarudi.

"Kijana, turubai lao lina matundu."

Nikamweleza. Kwamba vile vitundu ni vya makusudi, kwamba spika tatu za mbele zimefichwa nyuma ya kitambaa, kushoto, katikati na kulia, na maneno ya waigizaji karibu yote yanatoka kwenye ile ya katikati ndiyo maana unaamini yametoka mdomoni mwao. Bila vitundu zile sauti kali za juu zingezibwa, ungebaki unasikia mng'urumo. Mzee akaitikia "Eeh," vile vile abiria anavyomwitikia muuza dawa za mitishamba ndani ya basi. Kisha akauliza DJ wa kutafsiri anaanza saa ngapi.

Nikafika kwenye kiti. Kitufe cha kwanza kinainua miguu na kulaza mgongo, cha pili kinakurudisha. Nikamwonyesha. Akautoa mkono wangu kwenye kiti chake kwa adabu kabisa.

"Mimi na wewe hatulali chumba kimoja."

Akakaa wima, kofia gotini. Mshenga naye upande wa pili akakaa wima, kwa unafiki tu. Mimi nikalala. Taa zilipozimwa nikavua na viatu, maana soli ngumu zinachubua ile ngozi ya kuegeshea miguu, ni ustaarabu wa ukumbi (msibishe, ni kweli). Nikalala mpaka kiti kikagota, ndoo ya bisi juu ya tumbo.

Filamu ilikuwa tamu. Siwaelezi hata kidogo, maana hayo mengine ndiyo mnayoyataka.

Umeme ukakatika.

Picha haikufifia, ilikatika papo hapo. Sauti ikakatika nayo. Feni za kiyoyozi zikashuka taratibu, wuuuu, zikanyamaza. Zikabaki zile taa ndogo za kwenye ngazi, ambazo zinakuonyesha pa kukanyaga na si zaidi. Nikabonyeza kitufe cha pili. Kimya. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi, utadhani kitufe kina masikio.

Hapa lazima mwelewe chuma chenyewe. Ndani ya kile kiti kuna mota inayozungusha skrubu ndefu. Nati inatembea juu ya skrubu na kusukuma vyuma vya mgongo na miguu. Skrubu ile haikubali kusukumwa kinyumenyume. Hata ukiwa na kilo mia huwezi kuizungusha kwa uzito wako, na ndiyo sababu ukilala kiti hakikuangushi. Maana yake pia ni kwamba umeme ukiondoka, unabaki ulipo. Adapta nyingi za viti hivi hutoa volti 29, na baadhi zina kijumba cha betri mbili za volti 9 za kukurudisha mara moja kwa dharura. Nilipapasa chini nikakipata kijumba. Betri hazikuwamo.

Na kutoka pale kwa nguvu zako si mchezo. Magoti yako juu, makalio yamezama, kushoto na kulia kuna mikono ya kiti mipana ya kuwekea vinywaji. Nikajikunja, nikarudi. Nikajikunja tena, bisi zikaruka.

Ndipo mzee akawasha tochi ya kiswaswadu chake.

Mwanga ulikwenda darini. Ukashuka kwenye skrini, ukatulia kidogo pale penye matundu. Ukapita viti vya mbele. Ukaja safu yetu, ukapanda kwenye ngozi ya kuegeshea miguu, ukasimama juu ya soksi yangu ya kushoto. Kidole gumba kilikuwa nje. Kizima. Nikakikunja, tundu likapanuka. Nikakinyoosha, nikakikunja tena, na sasa kwa mtu aliyekaa pembeni kilionekana kinampungia. Tochi haikuondoka.

"Kijana, unaumwa?"

"Hapana baba. Nimekwama."

"Umekwama wapi?"

"Kwenye kiti, baba."

Akanyamaza kidogo.

"Mimi mbona sijakwama?"

Wewe unayecheka sasa hivi, nakuona, na soksi zako nazijua.

Mzee akainuka. Kofia akaiweka kitini kwake, mdomo juu. Simu akaibana kwenye meno, akanyoosha mikono yote miwili, na kwa sauti iliyopita pembeni ya simu akasema, "Wete mikono." Mnajua kwetu mkwe anavyoheshimiwa, mtu unampisha njia kwa mbali. Nikampa mikono. Akavuta. Mguu wangu mmoja ukavuka nje, wa pili ukabaki juu na kidole chake. Nyuma yetu nasikia mshenga anapumua kwa pua, na simu yake imeinuliwa.

Katikati ya kuvutwa huko, jenereta likawaka. Taa zote. Na kiwiko changu kilikuwa kimekandamiza kitufe.

Mota za viti hivi zinatembea taratibu, kwa hiyo safari ya kutoka kulala mpaka kukaa ni ndefu. Ngiiiiiii. Ndiyo hiyo sauti mliyoambiwa nimelia. Nikapandishwa polepole, miguu imeachana, mikono mkononi mwa mkwe, ndoo ya bisi ikijimimina kwa awamu ndani ya kofia, mpaka pua yangu ikatua mbele ya pua yake, na tochi mdomoni mwake bado inanimulika mchana kweupe. Safu ya mbele mtu akapiga makofi.

Mengine mafupi. Projekta na kompyuta ya filamu zilichukua dakika kadhaa kuwaka upya, picha ikaendelea, mzee akala bisi kutoka kwenye kofia yake mpaka mwisho, nikamsindikiza kivukoni, ng'ombe wamebaki kumi na nane.

Jana usiku kapiga. Hakusalimia sana. Anauliza kama kile kiti kinaweza kutumia sola. Nikamwambia inawezekana, mota yake ni ya DC, umeme kama wa betri, aunganishe betri mbili za volti 12 kwa mfululizo apate 24, ila kitakwenda polepole zaidi.

"Hiyo polepole ndiyo naitaka," akasema, akakata simu.