Suruali Iliyokataa Kutoka Chini ya Kiti

Wanawake wa chama cha mke wangu walikaa, wakakubaliana, kisha nikaarifiwa kwamba mimi ndiye nitakayekwenda Busia. Maharagwe upande wa Uganda ni nafuu, na mimi nina mjomba pale wa kunilaza. Nikatoka Kisumu na kibegi chenye suruali ya kubadilisha na orodha ya maagizo: huyu maharagwe mekundu, yule ya njano, mwingine karanga. Mwenyekiti alitaka simsim, na akasisitiza ifungwe kando, isiguse vitu vya watu.

Kuvuka si kazi. Kitambulisho kinatosha, na tangu kituo cha pamoja kizinduliwe mwaka 2018, anayekwenda Uganda hasimami upande wa Kenya. Afisa Mkenya na afisa Mganda wote wanamngoja ng'ambo, jengo moja. Ukirudi, wote wawili utawakuta upande wa Kenya.

Sokoni mama muuzaji akaniuliza, "Ssebo, nikufungie?" Nikamwambia nifungie. Alifunga! Kila kitu ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki, hiyo kavera ndani ya kavera nyingine, halafu nyeusi kubwa juu ya zote, ya heshima. Uganda nao walipiga marufuku kavera nyembamba mwaka 2009, ila pale sokoni habari hizo zilikuwa hazijafika.

Kurudi, afisa wa Kenya akatazama mzigo, akatabasamu.

"Mzee, chakula karibu nyumbani. Hizi karatasi za plastiki hazipiti."

"Hazipiti vipi, afande, na maharagwe yamo ndani?"

"Maharagwe yapite."

Akanisomea sheria kwa kichwa kama mtoto wa madrasa: tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki marufuku, faini shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au jela mwaka 1 hadi 4, au vyote pamoja. Nikayatazama maharagwe yangu ya pesa kidogo yakiwa yamevaa nguo ya milioni 4.

Hatua chache kutoka pale alisimama kijana anauza magunia. Bei aliyotaja ilikuwa inakaribia ya mzigo wenyewe. Sisemi kitu, ila yule kijana na afisa walikuwa na pua moja.

Nikakataa. Nikafungua kibegi, nikatoa suruali, nikavua kamba za viatu nikafunga miguu yake kule chini. Mekundu yakaingia mguu wa kulia, ya njano wa kushoto, kiuno nikakikaza kwa mshipi. Karanga zikajaa kibegini. Ikabaki simsim, na simsim hupenya popote. Nikatafakari kidogo, kisha nikakaa kwenye ukingo wa barabara nikavua soksi.

Afisa hakuwa na sheria ya soksi. Yule Mganda aliyekuwa jirani yake alicheka hadi akaacha kugonga mihuri.

Nikaburuta viatu visivyo na kamba hadi steji, suruali imenikalia mabegani, miguu ikining'inia kifuani. Makanga akauliza, "Na huyu analipa?" Nikaisukuma chini ya kiti cha nyuma. Haikuingia yote. Miguu ilibaki nje, kwenye njia.

Giza lilikuwa limeshaingia tulipopita Ugunja. Mbele kidogo, kizuizi. Polisi akafungua mlango, tochi mkononi.

"Umebeba wangapi?"

"Kumi na wanne, afande."

Tochi ikashuka. "Na huyu aliyejificha chini?"

Kabla sijafungua mdomo akanguruma, "Wewe! Toka hapo!" Suruali kimya. "Unanidharau?" Akauchokoa mguu kwa rungu. Mguu ukabonyea. Nyanya mmoja aliyeketi mbele yangu akapiga ukelele, "Yesu wangu, hana mifupa!" Abiria wawili wakatokea dirishani. Afande akachokoa tena, kwa nguvu, fundo likafunguka, na maharagwe ya njano yakamiminika juu ya buti zake shwaaa.

Hakuna aliyesema kitu. Akainama, akaokota punje moja, akaimulika.

"Haya ni ya njano?"

"Ndiyo, afande."

"Gorogoro ulinunua ngapi?"

Nikamtajia bei ya hilo kopo la kupimia. Akatikisa kichwa kwa uchungu wa mtu anayenunua Kisumu, akavua kofia, akaomba ya mbegu. Nilimjazia. Gari zima lilishuka kuokota mengine kwa mwanga wa simu, na nina hakika si yote yaliyorudi surualini.

Siku ya kugawana, mwenye maharagwe ya njano alilalamika kipimo ni pungufu. Nikamwelekeza kwa polisi. Lakini mwenyekiti hakuwa na neno. Alitumbukiza kidole kwenye bakuli la simsim, akalamba, akafumba macho.

"Hii ya safari hii ni tamu kupita zote," akasema. "Ina kachumvi fulani. Shemeji, ukienda tena, ninunulie palepale."