Bastola ya risasi nane: huku ni hiari, kwetu ingekuwa busara

Mmarekani anaingia dukani anatoka na bastola ya risasi 17. Akitaka zaidi, zipo magazini (makasha ya risasi) za mashindano zinazopita risasi 25. Na bado kila wikendi wapo watu huku Marekani wanaolipa kiingilio, tena kwa furaha, ili wafungiwe kwenye risasi nane. Sisi tuliotoka Uganda, ambako kumiliki bastola moja tu kunataka cheti, maelezo ya kutosha na subira ya Ayubu, tunaona kama mzaha. Mtu ameruhusiwa kula ashibe, yeye anaomba kijiko kidogo!

Maoni yangu ni haya: watu hawa wa risasi nane wameshika kitu kinachotufaa sisi wa nyumbani kuliko kinavyowafaa wao. Ila si kila kitu chao. Bastola yenyewe wabaki nayo.

Kwa asiyeujua mchezo: ni ufyatuaji wa vitendo, mshindani anatembea na kukimbia kati ya vizuizi huku akipiga shabaha za karatasi na za chuma, saa inahesabu. IPSC, chombo chake cha kimataifa, kilianzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, kikiongozwa na Jeff Cooper. Tawi la Marekani ni USPSA. Matokeo ni alama ugawe kwa sekunde. Eneo A la shabaha lina alama 5. Ukikosa kabisa unakatwa 10, juu ya zile ulizokwisha kuzipoteza.

Divisheni (kundi la ushindani kwa aina ya bastola) ninayoizungumzia USPSA wanaiita Single Stack, IPSC wanaiita Classic. Bastola ni ya umbo la 1911, kazi ya John Browning, yenye magazini ya safu moja. Hakuna kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu, hakuna matundu ya kupunguza teke. Ukipiga meja unaruhusiwa risasi 8 kwenye magazini. Ukipiga maina, 10. Tofauti ya meja na maina ni nguvu: chukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito), zidisha kwa mwendo wake kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Maina ni 125 kote. Meja ni 165 kwa USPSA na 170 kwa IPSC. Faida ya meja iko pembeni ya shabaha: eneo C linalipa 4 badala ya 3, na D linalipa 2 badala ya 1.

Kwa nini waipende? Wengi watakuambia ni mapenzi ya bastola ya babu, maana 1911 ilikuwa silaha ya jeshi lao hadi 1985. Kuna ukweli, lakini sheria ilisaidia pia. Kuanzia 1994 hadi 2004 sheria ya shirikisho ilizuia kutengeneza magazini mpya za raia za zaidi ya risasi 10, na majimbo kama California na New York yana kikomo hicho hata sasa. Ukishafungiwa kwenye 10, bastola nene ya safu mbili inapoteza faida yake kubwa, na ile nyembamba inayokaa vizuri mkononi inarudi mezani. Ufilipino nako, ambako kiwanda cha Armscor pale Marikina kinatengeneza 1911 za bei nafuu, bastola hii ina wafuasi wengi kwa sababu rahisi kuliko zote: ipo na inanunulika.

Tusidanganyane lakini. Tangu USPSA walete divisheni ya Carry Optics mwaka 2016, umati umehamia kwenye nukta nyekundu. Waliobaki na risasi nane ni wachache kuliko zamani. Wanachobaki nacho ni ugumu wa hesabu, na hapo ndipo utamu ulipo.

Chukua steji ndefu ya IPSC, yaani zoezi moja la mashindano, risasi 32. Wa meja anaanza na 8 kwenye magazini na 1 kwenye mtutu, jumla 9. Ongeza magazini tatu za nane, anapata 33: akibadili mara tatu ana risasi moja tu ya ziada. Wa maina anaanza na 11, anaongeza 10 na 10, anafika 31. Amepungukiwa moja! Naye lazima abadili mara tatu. Steji ya kati ni 24: meja ana 9, 8 na 8, yaani 25, maina akibadili mara moja ana 21, haitoshi, kwa hiyo wote ni mara mbili. Steji fupi ya 12, wote mara moja. Kwa hiyo anayekuambia maina inapunguza kubadili magazini hajakaa na kalamu. Inachokupa ni nafasi ya kukosea: kwenye ile ya 32, meja ana ziada ya risasi 1, maina ana 9. Shabaha ya chuma isipoanguka kwa risasi ya kwanza, wa maina anapiga tena na kuendelea. Wa meja mpango wake wote umevurugika.

Tena kanuni za IPSC zinaruhusu mjenzi wa steji kudai hadi risasi 9 kutoka sehemu moja. USPSA wanaishia 8. Kwa wa meja, 9 maana yake ni kumaliza kila kilichomo bila kukosa hata mara moja, au kubadili magazini umesimama kama mlingoti. Na kusimama kuna bei. Alama 160 kwa sekunde 30 ni 5.33, ongeza sekunde 2 za kubadili umesimama, unashuka hadi 5.00, zaidi ya asilimia 6 imeyeyuka bila kukosa shabaha hata moja. Ndiyo maana wazoefu wa divisheni hii hupanga mabadiliko kwenye hatua za miguu: unapoacha nafasi moja kwenda nyingine, magazini inatoka hata kama bado ina risasi mbili. Ndiyo maana pia wanabeba magazini tano au sita mshipini, wakati hesabu kavu inasema tatu zinatosha.

Mtego mmoja unawakamata wanaotoka Marekani kwenda kushindana Afrika, tuseme Afrika Kusini, ambako Mashindano ya Dunia ya bastola ya 2025 yalifanyika Matlosana. Risasi ya .45 yenye kichwa cha greni 200 ikienda futi 840 kwa sekunde inatoa 168. Kwa USPSA hiyo ni meja safi. Kwa IPSC haifiki 170, unateremshwa hadi maina, na magazini zako tayari umezipanga kwa nane. Unabaki na uchache wa meja na alama za maina, hasara pande zote mbili. Greni 230 kwa futi 750 inatoa 172.5 na inapita, ila kwa wembamba, bora 765. Ukishuka chini ya 125, unapiga bila kuhesabiwa alama yoyote.

Sasa nyumbani. Huku wapigaji wengi wa .45 hujaza wenyewe: wanaokota maganda, wanatia praima (kiwashio), baruti na kichwa kipya kwa mashine ya gereji. Ganda moja la .45 linajazwa mara nyingi, na bila hiyo divisheni hii ingewafilisi. Uganda hilo halipo. Sheria ya Silaha ya 1970 inafunga umiliki wa silaha na risasi kwa cheti, na kutengeneza risasi si kazi ya gereji. Kiwanda cha jeshi cha Nakasongola hakiko kwa ajili ya michezo ya raia. Kila risasi ya .45 itakuwa imetoka nje, imelipiwa meli, ushuru na makaratasi. Kwa hiyo kijana wa Kampala anayeota 1911 ya .45 kwa sababu ameiona kwenye video, namwambia wazi: aachane nayo. Achukue 9 mm, bastola yoyote imara, halafu ajifungie mwenyewe kwenye risasi 8 au 10. Mafunzo yote ya divisheni anayapata kwenye kile kikomo.

Kuna na sababu ya ufundi. 1911 ni mashine inayotaka mtu wa kuihudumia. Iliundwa kwa magazini ya risasi 7. Ya nane imebanwa ndani kwa kufupisha nafasi ya springi, na springi ikichoka, risasi ya mwisho inainama pua na kugonga chini ya njia ya mtutu. Midomo ya magazini ikitanuka kidogo, risasi mbili zinataka kutoka pamoja. Ndoano ya kutolea ganda ni chuma chenye mkunjo wake. Mtu akidondosha risasi kwa mkono kwenye mtutu kisha akaachia slaidi, ndoano inalazimishwa kuruka juu ya ukingo wa ganda, na siku moja inavunjika. Springi ya slaidi ya kawaida kwa .45 ni ya ratili 16, na wengi huibadili kila risasi 2,000 hadi 3,000. Huku unaagiza leo, inafika keshokutwa. Kule utasubiri mgeni anayekuja. Ongeza vumbi jekundu la murram la Januari kwenye bastola iliyobanana kwa usahihi na kupakwa mafuta mengi, utapata sabuni ya mchanga. Ukilazimika kuwa nayo, mafuta yawe tone kwa kila reli, na kila magazini iandikwe namba kwa kalamu nene: ikikwama mara mbili namba ile ile, tatizo ni magazini, achana na kuilaumu bastola.

Jambo jingine, na hili nalisemea hasa wale waliopitia jeshini au kampuni za ulinzi. SMG, bunduki ya rashasha, yenye magazini ya 30 inamfundisha mtu kutohesabu. Risasi nane zinamlazimisha ahesabu, apange, na ajue kabla ya king'ora wapi atabadili. Tena 1911 inabebwa nyundo ikiwa nyuma na sefti imefungwa. Ukianza ikiwa kwenye mkoba imepakiwa na sefti iko wazi, unaondolewa mashindanoni bila mjadala. Nidhamu hiyo hata mwenye bastola ya kisasa ajifunze.

Mazoezi yasiyofilisi yanawezekana. Chukua magazini sita, kila moja itie risasi mbili tu. Piga mbili, badili, piga mbili, badili, hadi mwisho: risasi 12, mabadiliko 5. Ukirudia mara nne umetumia 48 na umebadili mara 20, wakati mwenye magazini ya 17 angezimwaga 48 hizo kwa kubadili mara mbili tu. Kidole cha shahada kikae mbele ya magazini, ncha yake ikigusa pua ya risasi ya juu. Bastola usiishushe kiunoni, iwe usawa wa kidevu, macho yaangalie tundu la mpini mpaka magazini iingie, kisha isukume kwa kiganja mpaka usikie imeshika. Wengi hukosea hapo mwishoni: wanaigusa tu, risasi moja inapiga, magazini inaanguka mchangani. Nyumbani fanya hivyo hivyo kwa risasi bandia, zile halisi zikiwa chumba kingine zimefungiwa. Huko uwanjani, mwambie mwenzako akuchanganyie bandia moja kati ya zile halisi bila kukuonyesha. Mtutu ukiinama inapogoma, umejua kwa nini risasi zako zinaanguka chini ya A.

Kwa ndugu mlioko huku mnaotaka kuwasaidia wa nyumbani: mishipi, mikoba ya bastola, miwani, vizuia sauti vya masikio na risasi bandia za plastiki ndivyo vitu vya kufikiria kwanza. Magazini, springi na sehemu nyingine za bastola msizitie sandukuni mkidhani ni vyuma tu. Marekani inadhibiti kuzitoa nje, na Entebbe hakuna atakayesikiliza hadithi ya michezo. Mpokeaji aanze na polisi huko, apate jibu la maandishi, halafu ndiyo mnunue.