Mzee wa Kanisa Katika Shindano la Mavazi

Kamati yetu ya vijana ilipoomba ruhusa ya kupeleka vitabu vya katuni vya kanisa katika kongamano kubwa la mashabiki wa katuni, filamu na michezo ya video lililofanyika hapa Kisumu, baraza la wazee halikupinga. Lilitoa tu sharti kwamba mmoja wao aandamane nasi, akae mezani kutwa nzima, na aone kwa macho yake vijana wanapelekwa wapi. Aliyechaguliwa ni mzee mmoja mstaafu wa reli, msomaji wa katuni za Taifa Leo tangu ujana wake, na mtu pekee barazani aliyekuwa amevisoma vitabu vyenyewe kabla ya kuvitolea maoni.

Wenzake walikuwa wamevikagua kwa namna yao. Katika kitabu cha Debora, ambamo Yaeli anampigilia Sisera kigingi cha hema kichwani, hawakuwa na neno lolote juu ya kigingi wala nyundo. Walichoagiza ni kwamba mikono ya gauni la Yaeli ifike chini ya viwiko. Mchoraji wetu akairefusha, na ndiyo maana katika kitabu hicho yupo mwanamke anayemuua jemadari wa vita akiwa amevaa kama mwalimu wa shule ya Jumapili. Kitabu cha Samsoni kilipita bila marekebisho. Fedha tulizokuwa nazo zilitosha kurasa ishirini na nne, na kwa kuwa kitabu kinachopigwa pini katikati huongezwa kurasa nne nne, wala si moja moja, toleo la kwanza lilikomea kwenye Waamuzi 14, pale penye simba, asali na kile kitendawili cha harusini. Naomba msomaji alikumbuke hilo, kwa maana lilitugharimu baadaye.

Tulipewa meza kati ya kijana aliyeuza picha za anime za Kijapani na dada aliyeuza mapanga ya mbao. Mzee aliwasili mapema kuliko sisi sote, akiwa amevaa vazi lake rasmi la ibada: kanzu nyeupe ya kufika vifundoni, msalaba mwekundu uliodariziwa kifuani, mkanda wa buluu kiunoni, kilemba, na fimbo iliyompita urefu. Kwa mkazi wa magharibi ya Kenya vazi kama hilo si habari. Kuanzia Vihiga, ambako kanisa la African Israel Nineveh lilianzishwa mwaka wa 1942, hadi huku Nyanza kwenye waumini wengi wa Legio Maria, mtu amezoea kukutana barabarani na msafara wa kanzu, bendera na ngoma siku ya ibada, na hata dereva wa matatu, ambaye kwa kawaida hampishi mtu, hupunguza mwendo. Kanisa letu ni dogo kuliko hayo, lakini kwa mavazi halishindwi.

Majaji wa shindano la mavazi ya wahusika, ambamo mtu huvaa na kuigiza kama mhusika wa katuni au filamu, walikuwa wametoka Nairobi.

Biashara ya asubuhi ilikuwa ya kusuasua. Watu walipita, wakamtazama Mzee kwa heshima, wakamwomba wapige picha naye, naye akakubali kila mara kwa sharti kwamba waombe kwanza, jambo ambalo wengi walilifanya, mmoja wao akiwa na pembe mbili za plastiki kichwani. Vitabu havikuguswa. Ilipofika saa saba Mzee akaniambia, "Binti yangu, ngoja nikatafute chai," akaondoka na fimbo yake. Alivyoeleza baadaye, aliona foleni ya vijana waliobandikwa namba vifuani, na katika maisha yake yote ya reli na ya makongamano ya kanisa, foleni ya watu wenye namba haikuwahi kuishia kwingine ila kwenye chakula. Akasimama. Akabandikwa namba 17 kando ya msalaba.

Dada wa mapanga ndiye aliyenigutusha. "Yule si mwenzenu?" akaniuliza, akionyesha jukwaani, nami nikamwona Mzee katikati ya msichana mwenye mabawa ya karatasi na kijana aliyevaa deraya ya sponji ya godoro iliyopakwa rangi ya fedha, ambayo kwa joto la Kisumu ilikuwa imeanza kumchuruzikia shingoni.

"Mzee, leo wewe ni nani?" akauliza mtangazaji.

"Mimi ni mzee wa kanisa."

Ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

"Na vazi hili limekuchukua muda gani kulitengeneza?"

"Sikulitengeneza mimi. Alilishona mama watoto."

"Huwa unalivaa lini?"

"Kila siku ya ibada, na mazishini."

Jaji mmoja akajishika mashavu kwa mikono miwili. Mwenzake akasema kwenye kipaza sauti kwamba amesimamia mashindano mengi, lakini hajapata kukutana na mshindani aliyezama katika uhusika kiasi kile, asiyecheka wala kutikisika hata akiulizwa maswali ya mtego. Nilikimbia hadi kwenye meza yao, nikawaeleza kwa adabu kwamba huyo ni mzee wetu halisi, kwamba hakuja kuigiza, na kwamba alikuwa akitafuta chai. Jaji akaitazama fulana yangu yenye picha ya Samsoni, akaniuliza kama nami ni sehemu ya onyesho, na kabla sijajibu akaandika kitu kwenye karatasi yake huku akitabasamu.

Mambo yangeweza kuishia hapo, lakini mama mmoja aliyekuwa akiuza mandazi mlangoni, ambaye ni muumini wa tawi letu lingine, aliingia na sinia lake kuona zogo ni la nini. Alipomwona Mzee juu ya jukwaa, aliliweka sinia chini, akapiga magoti palepale alipokuwa, na kuinamisha kichwa. Mzee naye hakuwa mtu wa kumwacha muumini magotini bila baraka. Akainua fimbo na kumbariki kwa sauti. Nilisikia kijana mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake kwamba kikundi hiki kimejipanga.

Kisha mtangazaji akafanya jambo ambalo mtu yeyote aliyelelewa kanisani angelizuia kwa mwili wake: alimkabidhi mzee wa kanisa kipaza sauti na kumwambia kwamba ana dakika moja ya kuonyesha uwezo wa mhusika wake.

Mzee alikuwa amekisoma kitabu cha Samsoni asubuhi ile kwa kukosa wateja, kwa hiyo alianza hapo. Alianza na malaika aliyemjia mke wa Manoa, akaja kwenye nywele zisizoguswa na wembe, akamrarua simba kwa mikono mitupu mbele yetu hadi kilemba kikamkaa upande. Dakika ilipokwisha, fundi wa sauti alizima kipaza sauti, asijue kwamba mtu yule amehubiri soko la Kibuye siku za biashara kwa miaka mingi bila hata kifaa kimoja. Sauti iliongezeka. Fundi akafungulia muziki. Watazamaji wakampigia kelele auzime. Mzee sasa alikuwa ameupita ukurasa wetu wa mwisho na kuingia katika sura ya kumi na tano: mbweha mia tatu wamekamatwa, wamefungwa mikia wawili wawili, mwenge umewekwa katikati ya kila jozi, na mashamba ya Wafilisti yamekauka, ngano inasubiri kuvunwa. Hapo ndipo mtangazaji alipomshika mkono, akamshukuru, na kumshusha jukwaani.

Alipewa nafasi ya kwanza. Kijana wa deraya, aliyekuwa wa pili, alikata rufaa papo hapo, akisema kwamba kanuni zinataka mhusika awe anatoka katika hadithi inayojulikana, na kwamba huyu mzee, kwa kadiri anavyoona yeye, ni mzee tu. Ilikuwa hoja sahihi kabisa. Mzee mwenyewe alipanda tena jukwaani kuiunga mkono. "Kijana huyu anasema kweli," alisema. "Mpeni yeye. Mimi si mhusika, na hizi ni nguo zangu." Watu walisimama kumpigia makofi, jaji wa kwanza akafuta machozi, na rufaa ikatupiliwa mbali.

Tuliporudi mezani tulikuta umati. Wengine walitaka kitabu ambamo Mzee ni shujaa, wakakataa kuamini kwamba hakipo; lakini walio wengi walitaka kujua mbweha walifanywa nini. Samsoni akauzika kwa shilingi 200 hadi nakala ya mwisho, tukifurahi na kupokea M-Pesa kwa simu mbili, na haikupita robo saa wanunuzi wakaanza kurudi. Walikuwa wamefika ukurasa wa ishirini na nne na kukuta asali. "Mbweha wako wapi?" aliniuliza msichana mmoja mwenye nywele bandia za kijani kibichi, akinipeperushia kitabu usoni, na nyuma yake walikuwapo wengine wenye swali hilohilo na sauti kali zaidi. Kurejesha fedha hatukuweza, kwa sababu mweka hazina alikuwa ameshazituma kwa mpiga chapa tuliyekuwa tukidaiwa naye.

Mzee aliomba kalamu. Akaketi, akachukua kitabu cha msichana yule, na chini ya picha ya mwisho akaandika kwa mwandiko wake wa karani wa reli: "Inaendelea, Waamuzi 15:4." Msichana akafungua Biblia kwenye simu yake, akasoma akiwa amesimama, akasema, "Kumbe wamechoma mpaka mizeituni!" Wenzake waliomwona Mzee akiandika walidhani anatia saini, na foleni ikajipanga upya hadi kwenye meza ya mapanga. Kijana wa deraya alikuwamo. Hakuwa amenunua kitu. Alileta mkono wa deraya yake, Mzee akaandika juu ya sponji.

Jumapili iliyofuata tuzo ililetwa kanisani, yaani kikombe cha plastiki cha rangi ya dhahabu kilichosimamiwa na mwanasesere mwenye joho na kinyago. Mweka hazina hakujua akiingize katika fungu gani la hesabu, kwa hiyo baada ya ibada kilipigwa mnada pamoja na kuku wawili na mkungu wa ndizi. Mchungaji alianzia shilingi 100. Mkewe Mzee akapanda moja kwa moja hadi 500, akawageukia wanawake wenzake na kusema kwamba, kwa jinsi alivyoelewa, lile lilikuwa shindano la nguo, na nguo aliishona yeye. Hakuna aliyeongeza dau.