Nyeupe pee ni ya chokaa

Katika Kiswahili, weupe umebeba mengi. Peupe ni mahali pa wazi, kweupe ni kumekucha, moyo mweupe hauna kinyongo. Ila mtu akiambiwa ni mweupe kichwani, ajue hajui kitu. Kanzu ya Ijumaa ni nyeupe, na sanda ni nyeupe. Kwangu, hata hivyo, nyeupe ya pwani ni ya ukutani, ile ya chokaa, na inaniuma kuona inafukuzwa na rangi ya kopo.

Mji Mkongwe wa Unguja uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu 2001. Kuta za miji hii ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa. Zinanyonya maji kutoka chini, kisha zinayatoa, na chokaa inayapisha. Ukipiga lipu ya saruji na rangi ya plastiki juu yake, unyevu unakosa njia. Rangi inatuna malengelenge, chumvi inachanua mguuni mwa ukuta, na lipu ikibanduka inaondoka na udongo wa ndani.

Chokaa iliyokwisha kumwagiwa maji na kupoa ilale ndani ya maji wiki kadhaa. Ichuje, izimue hadi iwe nyepesi kama maziwa. Kwangua ukuta, uloweshe, upake upande wenye kivuli. Kinga macho, maana inaunguza vibaya. Mkono wa kwanza hauonyeshi kitu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanadhani wamepunja, wanapaka nzito. Nzito hupasuka. Iliyokaushwa na jua kali hubaki unga, ukiegemea unatoka na mgongo mweupe. Paka mikono mitatu hadi mitano, siku nzima kati ya mkono na mkono. Weupe huja wenyewe chokaa inapokauka na kurudi kuwa jiwe.

Ukitaka ing'ae zaidi, tia buluu kidogo sana, ileile ya kusuuzia kanzu. Ifunge kwenye kitambaa uikamulie ndani ya ndoo; ukimwaga unga wake moja kwa moja, utapata mabaka, ukutani na kwenye kanzu vilevile.

Masika yatauchafua, kweli. Anayetaka weupe wa miaka kumi bila kuugusa anataka rangi nyingine. Huu unapakwa upya mvua zikiisha, juu ya ule wa zamani. Tazama kona iliyomeguka ya nyumba kongwe: tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama maganda ya kitunguu.